Monita ya zamani inagoma saizi yake: uandike taimingi kwenye draiva, kwa CRU au kwa xrandr?

Kama una monita ya zamani, zile za mraba za inchi 17 zenye 1280x1024 au zile pana za inchi 19 zenye 1440x900 zinazoshushwa na makontena ya used, hii hali unaijua. Unachomeka, unawasha, inakuja 1024x768 au hata 800x600, maandishi yamevutika pembeni kama yamekalishwa chini ya jiwe, ukienda kwenye settings saizi halisi ya monita haimo kwenye orodha. Au imo, ila ukiichagua tu monita inaandika "Out of Range" halafu inalala.

Wengi wakifika hapo wanasema monita imekufa na kesho yake inakaa stoo. Mimi naumia sana nikiona hivyo maana monita nyingi za aina hii ni nzima kabisa, shida ni kwamba kompyuta na monita hawajaelewana namba, na namba unaweza kuziandika wewe mwenyewe kwa mkono. Swali ni uziandikie wapi. Njia zinazotumika sana ni tatu: paneli ya draiva ya kadi ya picha, programu ndogo inaitwa CRU kwenye Windows, na amri ya xrandr kwenye Linux. Zote nimezitumia, kila moja ina siku yake.

Kwanza angalia kebo, tafadhali

Monita huwa inajitambulisha yenyewe. Ndani yake kuna chipu yenye taarifa inaitwa EDID, baiti 128 tu, inasema mimi ni monita fulani, saizi yangu ni hii, masafa ninayoweza ni kuanzia hapa mpaka pale. Kwenye kebo ya VGA taarifa hiyo inapita pini ya 12 na ya 15. Sasa kebo nyingi za bei rahisi hizo pini hazijaungwa ndani, au mtu alichomeka kwa nguvu pini ikapinda, na picha inaendelea kuja vizuri tu kwa sababu rangi zinapita pini 1, 2 na 3, kwa hiyo huwezi kujua kwa macho kwamba kompyuta imekuwa kiziwi, haijui inaongea na nani, na ikiwa haijui inakupa saizi ndogo ya usalama. Azima kebo nyingine nzuri ujaribu kabla hujagusa kitu. Vilevile kama unatumia kile kigeuzi cha HDMI kwenda VGA jaribu kingine, kuna vigeuzi vinatoa EDID yao wenyewe vinaiambia kompyuta kwamba huku kuna 1920x1080 wakati huku kuna kamonita ka inchi 17.

Kebo nzuri ikikusaidia basi umemaliza, huna haja ya kuchagua chochote.

Namba zenyewe ni zipi

Hapa nitakaa kidogo maana usipoelewa hapa njia zote tatu zitakusumbua.

Ukisema 1280x1024 unataja pikseli zinazoonekana tu. Ukweli ni kwamba kila mstari una pikseli zingine tupu ambazo hazionekani: nafasi kidogo baada ya picha, kwenye menyu inaandikwa "Front porch", halafu ishara ya sinki inayoiambia monita mstari umeisha, halafu nafasi nyingine kabla mstari unaofuata haujaanza, "Back porch". Kwa 1280x1024 ya 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, kwenye jedwali linaloitwa DMT la VESA (shirika la viwango vya skrini), hizo ni 48, 112 na 248, ukijumlisha na 1280 unapata 1688. Kwenda chini hivyo hivyo: 1, 3 na 38, jumla mistari 1066. Zidisha 1688 kwa 1066 kwa 60 unapata karibu milioni 108 kwa sekunde, ndiyo hiyo "pixel clock" ya 108.00 MHz unayoiona kila mahali. Ukigusa namba moja bila kurekebisha nyingine Hz inahama.

Kuna njia nyingine za kupata namba badala ya jedwali, kuna GTF ambayo ni ya zamani, kuna CVT ya mwaka 2003, na kuna CVT-RB ambayo imepunguza zile pikseli tupu za kila mstari mpaka 160. Draiva na programu hupenda kukupa CVT kwa sababu inakokotolewa kwa fomula. Lakini monita ya LCD (zile bapa) ya zamani kwenye VGA haiambiwi namba, inabahatisha, inahesabu mistari, inapima masafa, inaangalia sinki ni chanya au hasi, halafu inatafuta kwenye jedwali lake la ndani ni mode gani, yaani saizi na Hz zake, inafanana. Na humo ndani mara nyingi kumejaa namba za DMT.

Nilikuwa kwenye stationery ya mama mmoja Tabata, monita yake ya inchi 17 niliiwekea Linux Mint na nikampa 1280x1024 kwa namba za CVT, yaani 109.00 MHz na jumla ya 1712. Picha ikajaa vizuri nikaondoka. Siku tatu baadaye nimepita, namwambia shikamoo, ananiambia marahaba mwanangu, hebu njoo uangalie hii mbona nusu ya maneno ina ukungu. Nikainama karibu na kioo, kweli kabisa: neno "mkataba" likiwa kushoto linasomeka safi, likisogea kidogo kulia ile "m" inavimba miguu inashikana, likisogea tena linakuwa safi tena. Mistari ya ukungu imesimama wima skrini nzima kama pazia. Monita ilikuwa inasoma mstari kana kwamba una pikseli 1688 wakati mimi nilikuwa naituma 1712. Nikaandika zile za DMT, nikabonyeza kitufe cha Auto pale chini ya monita, pazia likaondoka. Mama akasoma mkataba wake wa chumba mpaka mwisho bila kuvaa miwani ya pili.

Kwa hiyo popote utakapoandikia, kwenye VGA anza na DMT. Hizi hapa za monita zinazokutwa sana, zimepangwa kama Linux inavyozitaka:

1024x768: 65.00 1024 1048 1184 1344 768 771 777 806 -hsync -vsync
1280x1024: 108.00 1280 1328 1440 1688 1024 1025 1028 1066 +hsync +vsync
1440x900: 106.50 1440 1520 1672 1904 900 903 909 934 -hsync +vsync
1680x1050: 146.25 1680 1784 1960 2240 1050 1053 1059 1089 -hsync +vsync

Namba ya pili ukiitoa ya kwanza kwenye kila kundi unapata "Front porch", ya tatu kutoa ya pili ni upana wa sinki, ya nne kutoa ya tatu ni "Back porch", ndivyo utakavyozihamishia kwenye programu za Windows.

Napima kwa vitu gani

Vinne tu. Njia inakuruhusu kugusa namba zote au inakupa chaguo mbili tatu? Namba zinakaa wapi, ukizima kompyuta kesho zipo? Skrini ikiwa nyeusi unarudije, na hiki kwangu ndicho kikubwa maana utakosea tu, kila mtu anakosea, na ukikosea huoni hata pa kubonyeza. Na mwisho, inakubali mashine ipi.

Njia ya 1: paneli ya draiva

*Uhuru wa namba.* Inategemea kadi. NVIDIA wana paneli nzuri sana, unaingia kubadili rezolusheni, "Customize", halafu "Create Custom Resolution", pale kwenye taimingi unachagua DMT, CVT, GTF, CVT iliyopunguzwa au "Manual" ukaandika kila kitu mwenyewe. Angalia tu kwamba wao wanataka jumla ya pikseli badala ya "Back porch", ndiyo ile 1688. AMD nao kwenye programu yao ya Radeon wana sehemu ya custom resolution yenye namba zote. Intel za zamani, ambazo ndizo zipo kwenye desktop nyingi za used tunazonunua, zinakuuliza upana, urefu, Hz na aina ya taimingi basi, hakuna pa kuandika nafasi ya mbele wala ya nyuma.

*Zinakaa wapi.* Ndani ya draiva yenyewe. Ukiwasha na kuzima zipo, ila siku ukiweka draiva mpya kwa kusafisha ile ya zamani zinafutika na unaanza upya.

*Skrini ikizima.* Hapa ndipo njia hii inapendeza. Ile ya NVIDIA unabonyeza "Test", monita ikikataa wewe usiguse kitu, subiri, inajirudisha yenyewe baada ya sekunde chache kwa sababu hukuthibitisha. Hata mtu anayefanya mara ya kwanza hatapotea.

*Inakubali wapi na inamfaa nani.* Windows yenye draiva halisi ya kadi, siyo ile ya msingi ya Microsoft. Laptop zenye kadi mbili zina shida yake, port ya VGA au HDMI mara nyingi imeungwa kwenye Intel, ukifungua paneli ya NVIDIA hata sehemu ya display huikuti. Inamfaa mtu mwenye monita moja, kadi ya NVIDIA au AMD, anayetaka kumaliza jioni moja arudi kwenye kazi zake.

Njia ya 2: CRU

Custom Resolution Utility, ya jamaa anayejiita ToastyX, ya bure, haihitaji kuinstoliwa, unaifungua tu kwenye folda.

*Uhuru wa namba.* Kamili. Namba zote zipo, nafasi ya mbele, sinki, ya nyuma, jumla, chanya na hasi, na kuna machaguo yanayokokotoa yenyewe, likiwemo la monita za CRT, zile za kioo chenye tumbo. Zaidi ya hapo unaweza kufuta saizi ambazo monita inazitangaza lakini haiziwezi, hiyo paneli za draiva kwa kawaida hazikupi.

*Zinakaa wapi.* Huku ndiko kuna tofauti ya msingi. CRU haiongezi mode kwenye draiva, inaandika EDID mbadala kwenye rejista ya Windows, yaani inabadilisha utambulisho wa monita, na Windows na gemu na kila kitu vinaona hiyo saizi kama ya asili. Inadumu. Lakini imefungwa kwenye monita hiyo kwenye muunganisho huo, ukihamisha kebo kwenye port nyingine au ukibadili kadi unairudia. Uzuri ni kwamba unaweza kusevu faili ukaliingiza kwenye mashine nyingine, na kwa mwenye cyber ya kompyuta 12 zenye monita za aina moja hili ni jambo kubwa sana, unaandika mara moja tu.

*Skrini ikizima.* Hapa inataka utulivu. Ukishaandika na kubonyeza OK hakuna kinachotokea mpaka uendeshe restart64.exe iliyo kwenye folda hiyohiyo, ndiyo inaristati draiva. Picha isiporudi, bonyeza F8 inaingia hali ya uokoaji. Ikishindikana kabisa unaingia Safe Mode, ile hali ya Windows ya dharura, halafu unaendesha reset-all.exe, inafuta yote. Ushauri wangu, kabla hujaanza weka hiyo reset-all.exe kwenye desktop pahala unapopajua, na jifunze kuingia Safe Mode kwenye mashine yako wakati bado unaona.

*Inakubali wapi na inamfaa nani.* NVIDIA na AMD haina neno. Intel, kuanzia kizazi cha nne cha prosesa na draiva isiwe ya kale sana. Zile za Core 2 Duo usizitegemee. Na ni lazima Windows iwe imeitambua monita kwanza, ndiyo maana nilianza na kebo. Inamfaa mwenye mashine nyingi, mwenye CRT anayetaka Hz zake, na yule ambaye paneli ya draiva yake haina pa kuandika namba.

Njia ya 3: xrandr

*Uhuru wa namba.* Kamili pia, na hapa unaona kila kitu wazi kwa sababu ni maandishi. Andika xrandr peke yake uone port yako inaitwaje, VGA-1 au HDMI-1 au DP-1, halafu:

xrandr --newmode "1280x1024_dmt" 108.00 1280 1328 1440 1688 1024 1025 1028 1066 +hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 1280x1024_dmt
xrandr --output VGA-1 --mode 1280x1024_dmt

Wengi wanaambiwa watumie amri ya cvt kupata hizo namba. Ni nzuri kwa saizi isiyo kwenye jedwali, lakini kumbuka pazia la yule mama. Na ukiipa 1366x768 itakurudishia 1368 kwa sababu inazungusha kwa nane, usishangae.

*Zinakaa wapi.* Hazikai. Ukizima zimepotea, na huo ni ubaya na uzuri wake. Zikishakukubali ndiyo uziweke kwenye faili la ~/.xprofile zijiendeshe kila ukiingia, au uandike Modeline (mstari wa namba hizohizo) kwenye /etc/X11/xorg.conf.d ziwepo hata kabla hujaingia.

*Skrini ikizima.* Kwa kuwa hakuna kilichosevwa, ukizima na kuwasha umerudi ulipokuwa. Na kuna namna ya kutokupotea kabisa, mstari wa mwisho uandike hivi:

xrandr --output VGA-1 --mode 1280x1024_dmt; sleep 15; xrandr --output VGA-1 --mode 1024x768

Baada ya sekunde 15 inarudi yenyewe, ukiona ilikuwa sawa unarudia bila mkia.

*Inakubali wapi na inamfaa nani.* Sesheni za X11 (au Xorg), ule mfumo wa zamani wa Linux wa kuchora skrini, kwa mfano Linux Mint na Xfce. Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi yake, haifanyi kazi, na Ubuntu 25.10 imeondoa sesheni ya GNOME ya Xorg; huko jaribu kuweka kitu kama video=VGA-1:1280x1024@60 kwenye mstari wa kerneli ndani ya GRUB, ile programu inayowasha Linux, ingawa hapo unataja saizi na Hz tu, siyo kila namba. Draiva ya NVIDIA yenyewe kwenye Linux nayo mara nyingi inakataa --newmode, inataka xorg.conf. Njia hii inamfaa mwenye mashine ya zamani ya Intel kuliko mtu yeyote, kwa sababu pale Windows ilipombana namba tatu, Linux inampa zote.

Kwa hiyo wewe upo wapi?

Una Windows na kadi ya NVIDIA au AMD, monita moja, na hujawahi kufanya hivi: nenda na paneli ya draiva, chagua DMT, jaribu, thibitisha. Usijitwishe CRU kama hii imekubali.

Una desktop ya Intel ya zamani yenye Windows na saizi haitokei: jaribu paneli ya Intel kwa CVT kwanza maana pengine monita yako haina shida nayo. Ukiona ukungu au picha imesogea na kitufe cha Auto hakijasaidia, angalia kizazi cha prosesa, cha nne kwenda juu jaribu CRU, chini ya hapo chukua flash ya Linux Mint uiwashe bila kuinstoli uone xrandr itakupa nini kabla hujaamua kununua monita nyingine.

Una cyber, maabara ya shule au ofisi yenye monita zinazofanana: CRU na faili lake kwa Windows, au .xprofile moja unayoikopi kwa Linux. Kuzunguka na paneli ya draiva mashine kwa mashine ni kujitesa.

Unatumia LCD kwa DVI, siyo VGA: hapo CVT-RB ni rafiki yako, monita inapokea dijitali haibahatishi, na inakusaidia kukaa chini ya 165 MHz ambayo ndiyo mwisho wa DVI ya linki moja.

Una CRT, zile za kioo chenye tumbo: njia yoyote ni sawa ila CVT-RB usiiguse. Boriti ya CRT inahitaji muda wa kurudi mwanzo wa mstari, DMT ya 1280x1024 inaipa kama maikrosekunde 3.8, RB inaipa 1.8 hivi, haitoshi. Huku pia 60 Hz inaumiza macho, tafuta 85. 1024x768 ya 85 Hz inataka monita inayofika kilohezi 68.7 za mlalo, soma kibandiko cha nyuma au kitabu chake uhakikishe. LCD ukiipa masafa yasiyo yake inakuandikia ujumbe tu basi, lakini CRT za zamani sana zisizo na ulinzi zinaweza kuungua kweli, ukisikia mlio mwembamba au picha inakunjamana chomoa kebo papo hapo usisubiri sekunde 15.

Na ukishapata namba zinazokubali ziandike kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kipande cha karatasi, pixel clock na zile nane zinazofuata na alama za sinki, ubandike nyuma ya monita kwa selotepu. Atakayeinunua kwako atazikuta hapo.